Pete ya Mama na Maneno Niliyoyasugua

Wengine huenda Ulaya kusoma, wengine kutafuta kazi. Mimi nilikwenda kwa ajili ya pete moja nyembamba ya fedha, ambayo ukiiweka mezani sokoni hakuna atakayegeuza shingo kuitazama. Niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe, nami ni sonara, kwa hiyo sina hata wa kumsingizia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na kibanda cha usonara Dodoma. Mama alikuwa kwao Singida, mhudumu mstaafu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni. Vidole vyake vilivimba kwa uzee, pete ikaanza kumbana, akanipa niipanue. Alikuwa amevishwa na Sista Ana, mtawa kutoka Ayalandi aliyefanya naye kazi miaka mingi, na ambaye kaburi lake liko nyuma ya kanisa la hospitali.

Nilikata pete, nikaongeza kipande, nikalehemu, nikapiga tupa. Hapo mtu mwenye akili timamu angeishia. Lakini mkono wangu hautulii, ndivyo nilivyozaliwa. Kwa ndani niliona mikwaruzo na kitundu kimoja kidogo, nikasema moyoni, huu ni uchakavu tu. Nikasugua. Nilisugua mpaka ndani pakang'aa kuliko nje, kisha nikapanda treni kumpelekea, nimejaa majivuno.

Mama hakuitazama hata kidogo. Aliingiza ukucha wa kidole gumba ndani ya pete, akauzungusha polepole, akarudia tena.

"Fideli," akasema, "maneno yangu yako wapi?"

"Maneno gani, mama?"

Aliivaa pete, akaingia ndani, na mimi nikabaki barazani na kikombe cha chai kilichopoa. Kumbe ile mikwaruzo ilikuwa maandishi, kwa lugha ya kwao Sista. Jioni nilimuuliza kwa sauti ya chini yalisema nini. Akasema, "Yalisema usiogope."

Hilo lingekuwa la kuombana radhi tu, yakaisha, lau si rovu lake. Uvimbe wa shingo ulikuwa umekua hadi unamkaba koo. Alikuwa analala ameketi, ameegemea mito. Daktari wa upasuaji hufika pale hospitalini kwa zamu, mara moja kila baada ya miezi mitatu, na zamu ile mama alikataa katakata. "Wanawake wangapi nimewasindikiza mle ndani wakitetemeka, nikiwashika mkono kwa pete hii? Leo zamu yangu, wewe umeninyang'anya. Bila maneno yangu siingii." Daktari akaniita pembeni, akaniambia asipopasuliwa zamu inayofuata tusije kumlaumu.

Nilimwandikia dada yangu Theodora, aliyekuwa Brussels mwaka wa saba bila kukanyaga nyumbani. Jibu lilikuja na tiketi ndani. Katika mtaa wa Wakongo mjini humo, aliandika, kuna mwanamke wa Ayalandi anayefua vitu vya fedha kwa mkono na kuchonga juu yake maneno ya lugha yao. Tiketi ilitokana na akiba aliyokuwa ameiweka aje yeye mwenyewe kumwona mama. "Njoo wewe na pete," aliandika. "Mimi nikija mikono mitupu nitamsaidia nini?" Nilisoma barua ile nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

Dodoma hadi Dar es Salaam sikusinzia. Pete niliishona ndani ya mfuko wa shati, na kila kituo nilipapasa. Mzee mmoja jirani yangu alidhani nina maumivu ya kifua, akanipa limau. Kumfanya mama aniachie pete haikuwa rahisi. Alinipa bila kunitazama, akaniambia siku ya daktari, basi.

Uwanja wa ndege wa Brussels nilitua asubuhi, mvua nyembamba inanyesha, ile mvua isiyokulowesha wala isiyokuacha. Theodora alikuwa anapungia mkono kutoka mbali. Alikuwa amekonda. Alinikumbatia, na kabla sijamaliza kusalimia akasema, "Ilete niione." Nilichana uzi kwa meno palepale. Aliingiza ukucha ndani, vilevile kama mama. "Loo, Fideli," akasema. "Umeinyoa kabisa."

Jette, alikokuwa anaishi, ni mtaa mtulivu wa nyumba zilizopangwa mstari mmoja, mapazia meupe, watu hawaonekani. Theodora alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa katika hospitali kubwa ya huko. Alinipa wali, akanipa blanketi, akanitaka nilale. Nilale vipi? Nilikuwa na siku nane tu. Nilizunguka chumba kile, nikakaza bawaba ya kabati iliyolegea, nikaziba bomba lililokuwa linadondosha maji, nikaanza kufungua redio yake nione kwa nini inakoroma. Alinipokonya bisibisi. "Acha! Redio yangu inakoroma hivyo hivyo miaka miwili na tunaelewana."

Siku ya pili tulipanda basi hadi Simonis, kisha metro hadi Porte de Namur. Ukitoka juu unakutana na Chaussée d'Ixelles na maduka yake makubwa, lakini ukipinda kidogo tu unaingia Matonge, mtaa ule wa Wakongo, na masikio yanafunguka: muziki, vicheko, harufu ya samaki wa kukaushwa na ya mafuta ya nywele. Theodora alinipeleka kwenye saluni ya Maman Béa, mama wa Bukavu, mnene, mcheshi, kitana kimechomekwa nyweleni mwake. Yule Mwayalandi alikuwa amepanga kwake chumba cha nyuma.

"Karibu, mutoto ya mama!" alisema Maman Béa huku anasuka. "Ni weye njo fundi mwenye kufuta maneno?"

Kumbe habari zangu zilishafika. Nilimtazama Theodora, Theodora akatazama dari.

"Bon, hapana kasirika. Madame Nuala iko na kazi, atatoka. Kaa chini." Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani, nikarudi. "Ee papa! Donc, mu salon yangu bantu wanakaa. Weye unatembea sana, utanichokeshea parquet yangu ya mbao." Wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukausha nywele walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

Chumba cha Nuala kilikuwa na upana wa kitanda kimoja. Nilikiona tu nikajua niko kwa mwenzangu: meza iliyochimbika kwa mbele, ngozi imening'inizwa chini ya meza kunasa vumbi la fedha, tupa zimepangwa kwa ukubwa. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zenye mvi zimebanwa kwa penseli. Mume wake alikuwa mfasiri katika ofisi za Umoja wa Ulaya, na wateja wengi wa Nuala walikuwa watu wa kwao waliokuja kufanya kazi mjini pale wakajikuta wanatamani nyumbani. Ukutani zilining'inia pete, bangili na vidani, kila kimoja na maneno yake. Tulizungumza Kiingereza, mimi cha sekondari, yeye chenye mawimbi.

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye kusugua aliguna kama mtu aliyekanyagwa, lakini hakunisema. Nikamwomba achonge "Usiogope" kwa lugha yao, leo hii ikiwezekana.

"Leo hapana," alisema. "Mimi silichongi neno siku lilipoletwa. Mwenye kitu analiandika kwa mwandiko wake kwenye karatasi, analala nalo. Akirudi na karatasi ileile, nachonga mwandiko wake, si wangu."

"Mama yangu ni mgonjwa. Sina muda wa kulala na karatasi."

"Najua. Wote wanaokuja hapa hawana muda."

Nilitaka kumjibu vibaya, haki ya Mungu. Kwetu mteja akisubiri, unampa kigoda na kazi inaisha mbele ya macho yake. Lakini hasira yangu ilikatika, kwa sababu tayari alikuwa ameweka kioo cha kukuzia jichoni na kuinamisha pete chini ya taa. Aliigeuza kidogo, akaigeuza tena. Kisha akaniita nami nitazame.

Niliona. Upande ule ambao mkono wangu haukufika vizuri, zilikuwepo herufi nne, hafifu mno: *aile*. Na kabla yake, kivuli cha nukta moja juu. Kile kitundu changu!

"Zamani tuliandika hivi," alisema Nuala, "nukta juu ya herufi badala ya kuifuatisha na h. Anayejua huiona, asiyejua hudhani fedha imetoboka." Alitafuta zaidi, akaonyesha ncha ya mguu wa herufi nyingine. "Hapa hapajaandikwa usiogope. Hapa paliandikwa *Tar abhaile*. Rudi nyumbani. Mama yangu aliniambia hivyo hivyo bandarini. Huyo sista wenu bila shaka alipewa na mama yake siku aliyoondoka."

Sista Ana hakurudi kwao. Kaburi lake nimelipalilia mwenyewe. Na mama yangu alikuwa amevaa miaka yote hiyo maneno yasiyokuwa yale aliyoyaamini.

"Naweza kuchonga usiogope," aliendelea Nuala taratibu. "*Ná bíodh eagla ort*. Ni maneno mengi, na pete ni nyembamba. Nafasi itapatikana nikizikwangua hizi nne zilizobaki."

Alinipa karatasi mbili zenye maneno yote mawili, nikaandike upya kwa mkono wangu, nirudi na moja. Nikatoka nje nikasahau hata kumuaga Maman Béa.

Siku ya tatu na ya nne nilitembea. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nilishuka na Chaussée d'Ixelles hadi kwenye mabwawa, nikazunguka bata wote, nikapanda tena. Viatu viliingia maji. Karatasi mbili zilikuwa mfukoni, zote nimeshaziandika kwa mkono wangu, nazitoa, nazirudisha. Nikipeleka ya usiogope, mama ataingia chumba cha upasuaji na roho yake imetulia, nani atamwambia? Nikipeleka ile ya kweli, nitamwambia nini mgonjwa anayenisubiri? Kwamba Sista wake alimdanganya? Atakataa tena, na safari hii sijui kama kutakuwa na zamu nyingine. Nilikuwa naogopa, nasema wazi.

Jioni ya siku ya nne, Jette, nilimwambia Theodora kwamba herufi nne za zamani zimebaki, na usiogope haitaenea zisipokwanguliwa. Alikuwa anakaanga vitunguu. "Zikwanguliwe," alisema hapohapo, hakufikiri mara mbili. "Nashinda na wagonjwa, Fideli, mgonjwa mwenye hofu namjua. Mwandikie usiogope, apone, mengine baadaye. Kwani hizo zilizobaki zinasemaje?"

Nilimwambia.

Alizima jiko. Alibaki amenipa mgongo, mwiko mkononi, na nikaona mabega yanatikisika. Miaka saba, na tiketi yake niko nayo mimi. Nililia naye, vitunguu vikatupatia kisingizio. Alipojifuta hakubadili msimamo. "Hata hivyo zikwanguliwe," alisema, ila sauti haikuwa ileile.

Siku ya tano nilirudi Matonge mapema. Maman Béa alikuwa anafagia mbele ya mlango. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Alors, hujalala. Nenda, iko ndani. Lakini kahawa kwanza." Niliinywa nimesimama.

Nilimpa Nuala karatasi ya *Ná bíodh eagla ort*. Aliisoma, akaiweka mbele yangu, akaibana pete kwenye kishikio cha mbao, akanipa kikwangulio.

"Herufi nne. Ni kazi ya dakika mbili. Wewe ni fundi, ondoa mwenyewe, kisha nitachonga."

Nilikaa mezani kwake. Nikaegemeza ncha kwenye *e* ya mwisho. Kazi ile ningeifanya nimefumba macho. Mkono huu haujawahi kukataa kusugua kitu tangu ninunue tupa ya kwanza. Nikasubiri usukume. Haukusukuma. Mara ya kwanza nilifuta bila kujua, na hilo mtu anaweza kusamehewa. Sasa nilikuwa najua. Nje mashine ya nywele ilikuwa inavuma, mtu anacheka, na mimi nimekaa nimeganda.

Niliweka kikwangulio chini, nikatoa karatasi ya pili. Nuala aliichukua. Ilikuwa imelala mfukoni mwangu siku tatu, kwa hiyo sharti lake lilitimia.

Alichonga mchana mzima, kwa kalamu ya chuma, bila mashine. Zile nne hakuzigusa. Zilizopotea ndizo alizochonga, kwa mwandiko wangu mbaya ulioinama kushoto, hadi zikakutana na za fundi asiyejulikana wa Ayalandi. Ilipobaki nukta, alinipa kalamu na nyundo. "Hii uliiziba wewe," alisema. Nikaipiga mara moja. Akaninyang'anya nyundo kabla sijaongeza ya pili, tukacheka.

Uwanja wa ndege, siku ya kuondoka, Theodora aliivaa pete kidogo, akaivua. Hakunilaumu tena. "Mwambie…" alianza, akashindwa kumaliza. Alinipa mfuko wa sweta za mama, akageuka akaondoka haraka, nami nikabaki na foleni.

Ndani ya ndege nilijizoeza namna ya kusema. Mama, kuna jambo. Mama, usishtuke. Zote zilisikika ovyo. Kutoka Dar hadi Dodoma, kutoka Dodoma hadi Singida, treni ilikwenda kwa mwendo wake na roho yangu ilikuwa juu juu. Kuna wakati, karibu na Manyoni, nilijutia kabisa ile karatasi ya kwanza. Mtu gani mzima anamrudishia mama yake ukweli badala ya dawa?

Nilifika hospitalini siku moja kabla ya daktari. Mama alikuwa ameegemea mito mitatu, anapumua kwa filimbi. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikampa pete, na maneno yote niliyojizoeza yakanitoroka.

"Mama, hayakuandikwa usiogope. Imeandikwa rudi nyumbani. Nilikuwa na uwezo wa kuandika unayoyataka, nimeshindwa kufuta yaliyobaki. Nisamehe."

Aliingiza ukucha. Akazungusha. Akafika kwenye zile nne za zamani, akasimama hapo, akarudi nyuma, akasimama tena.

"Najua imeandikwaje," alisema. "Ana aliniambia."

Nilivuta kigoda karibu.

"Siku hiyo gari lilikuwa linamsubiri nje aende kwao moja kwa moja. Mimi nilikuwa namzaa Theodora, natoka damu, hakuna daktari. Aliingia kuniaga. Akaniona. Akavua pete akanivisha, akasema, hii inaniita nyumbani, na mimi siendi. Usiogope. Gari likaondoka bila yeye." Alipumzika, akapumua. "Uliniuliza yalisema nini, Fideli. Nilikwambia yaliyoniambia mimi."

"Na kama ningefuta, nikaandika usiogope?"

Aliinua ukucha wake akanionyesha. "Hizi nne nazijua kuliko uso wako. Nisingezikuta, nisingeingia."

Kesho yake asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Mlangoni muuguzi kijana alisema kwa adabu, "Bibi, samahani, pete haiingii ndani. Vyuma vyote vinabaki nje." Safari yote ile! Lakini mama alikuwa ameshaanza kuivua. "Najua, mwanangu. Mlangoni hapa nimevua pete za wengi." Akaibana kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Nishikie," alisema. "Na usiisugue."

Nilikaa kwenye benchi. Nimejifunza mengi baada ya safari ile, na sasa mteja akiniletea kitu cha zamani, kwanza namuuliza kinasema nini, ndipo nagusa tupa. Lakini fundisho lenyewe lilikuwa lile benchi. Kidole gumba kiliwasha. Jasho la kiganja lililowesha fedha. Jua lilihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na mimi mkono wangu ulitulia.

Alipozinduka jioni, shingo imefungwa bandeji, nilimvisha. Hakuweza kugeuza kichwa. Ukucha wake uliingia ndani ya pete, ukazunguka taratibu, ukapita juu ya mwandiko wangu, ukapita kwenye nukta, ukazihesabu zile nne. Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Sasa," alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "mwandikie Theodora. Hayo hayo ya kwenye pete, usiongeze kitu."

Nikaomba karatasi kwa muuguzi, nikaandika.